Taarifa Zako Wape kwa Kibaba

Mgeni akikodi nyumba Shela, picha ya pasi yake hufika Lamu kabla yake. Ameombwa aitume kwa WhatsApp ili nafasi ishikwe. Tuifuate hiyo picha. Imeingia kwenye simu ya mtunza nyumba na kujiweka yenyewe kwenye galari. Simu hiyo imewashwa hifadhi ya Google Photos, hata kwa folda ya WhatsApp, kwa hiyo ikipata wifi picha inapanda kwenye akaunti ambayo nywila yake pengine anaijua pia kijana aliyemfungulia. Mtunza nyumba ameipeleka kwa mwenye nyumba aliye Nairobi au Ulaya, na kwa nahodha atakayempokea mgeni gatini Manda, ili amjue kwa sura. Mwenye nyumba anataka nakala ya karatasi kwenye faili, basi picha imetumwa saiba ikachapwe, na imebaki kwenye folda ya vilivyopakuliwa, katika kompyuta inayotumiwa na kila aingiaye. Ndege haijatua, na pasi ya mtu iko mahali pasipopungua sita.

Hapo kuna kampuni mbili kubwa za Marekani na watu wanne au watano wa hapa hapa mjini, na taarifa ni ileile moja. Kila tunapouliza kama kampuni za teknolojia zinaaminika na taarifa zetu, tunapaswa kuutazama mnyororo wote, maana taarifa huvuja kwenye pete iliyo dhaifu. Lakini swali lenyewe ni la haki na linastahili jibu, na langu ni hili: kampuni isiaminiwe kwa ahadi, ipimwe kwa kile isichoweza kukiona au isichokuwa nacho. Taarifa ukishazitoa huishi kuliko ahadi uliyopewa siku ya kuzitoa. Kampuni huuzwa, huibiwa, hufilisika, au hubadili masharti, na jina lako, namba yako na sura yako bado zimo ghalani mwao.

Si dhana. Yahoo iliibiwa mwaka 2013. Desemba 2016 ikatangaza kwamba akaunti bilioni 1 zimeguswa, na Oktoba 2017 ikarudi kusema ni akaunti zote, bilioni 3. Zaidi ya miaka mitatu watu walikuwa wakitumia nywila zilezile kwenye barua pepe, benki na kwingineko, bila habari. Twitter nayo iliwaomba watu namba za simu kwa ajili ya usalama wa akaunti, kisha ikazitumia kuwalengea matangazo. Mei 2022 ililipa dola milioni 150 kwa jambo hilo nchini Marekani. Kesi hii naiona nzito kuliko wizi, kwa sababu waliotii ushauri mzuri wa kuongeza ulinzi ndio waliotumiwa. Na 23andMe, kampuni iliyopima chembe za urithi za watu kwa mate yaliyotumwa kwa posta, ilivujisha taarifa za watu wapatao milioni 6.9 mwaka 2023, kisha Machi 2025 ikaomba ulinzi wa kufilisika. Taarifa za wateja zaidi ya milioni 15 zikawa miongoni mwa mali ya kuuzwa. Aliyetuma mate alifanya mapatano na kampuni hai, wala hakuulizwa angependa ziende kwa nani ikianguka.

Kwa watu wa Lamu kampuni ya kuangaliwa kwa makini ni WhatsApp, maana humo mna biashara ya samaki, posa, matangazo ya maziko, vikundi vya madrasa na hizo pasi za wageni. Mazungumzo yake husimbwa, yaani hufungwa yasisomwe na asiyehusika, kutoka simu hadi simu tangu Aprili 2016, na hilo ni kweli. Picha ya pasi ikiwa njiani, Meta, kampuni inayomiliki WhatsApp na Facebook, haiwezi kuifungua. Isichosimbwa ni kila kinachoizunguka: namba yako, unazungumza na nani, saa ngapi, umo kwenye vikundi gani, simu yako ni ya aina gani na umeingia kwa mtandao upi. Facebook iliponunua WhatsApp mwaka 2014, kwa bei iliyotangazwa ya dola bilioni 19, iliieleza Tume ya Ulaya kwamba haitaweza kwa uhakika kuunganisha kiotomatiki akaunti za pande mbili. Agosti 2016 masharti mapya yakafungua mlango wa kuunganisha namba za simu. Mei 2017 Tume ikaitoza yuro milioni 110 kwa kutoa maelezo ya kupotosha. Muungano haukuvunjwa. Hapo utaona umri wa ahadi: miaka miwili.

Pengo jingine la WhatsApp liko kwenye nakala ya akiba. Kwenye simu za Android nakala hiyo hukaa Google Drive, na usipoiwekea kufuli yake ya ziada, haina usimbaji ule wa mazungumzo. Aliyeingia kwenye akaunti yako ya Google, au mamlaka iliyoiagiza Google, ana njia ya kuyafikia yaleyale uliyodhani yamefungwa. Dawa ipo tangu Oktoba 2021. Ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya mazungumzo, kisha nakala ya akiba, na humo washa usimbaji wa nakala. Unaweza kuchagua nywila yako mwenyewe au ufunguo wa tarakimu 64. Ukichagua tarakimu, ziandike kwenye karatasi na uzifungie pamoja na hati za nyumba. Usizipige picha kwa simu hiyohiyo. Ukipoteza nywila au ufunguo, na simu nayo ikazama baharini Mkanda, hakuna wa kukurudishia mazungumzo, si WhatsApp wala Google. Watu huliona hilo kuwa kasoro. Mimi naliona kuwa ndilo thibitisho pekee lenye maana, kwani kampuni isiyoweza kukusaidia kufungua haiwezi kumfungulia mwingine pia.

Ukiwa humo mipangilioni, weka pini ya tarakimu 6 ya uthibitisho wa hatua mbili, iliyo chini ya akaunti. Akaunti nyingi zinazotekwa pwani hazidukuliwi kwa ufundi wowote. Mtu anapigiwa, anaambiwa kuna mzigo wake au kikundi cha harusi kinamsubiri, na anaombwa asome namba iliyoingia kwa ujumbe mfupi. Namba hiyo ndiyo kibali cha kuhamisha akaunti yake. Pini ikiwepo, mwizi akiipata hiyo namba bado anakwama.

Sasa turudi Shela, kwa kuwa sheria inamtazama mtunza nyumba pia. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 haisemi Facebook peke yake. Yeyote anayeamua taarifa za mtu zikusanywe kwa ajili gani ana wajibu, na kanuni za usajili zinataja biashara za hoteli na malazi miongoni mwa zile zinazopaswa kujisajili kwa Kamishna wa Data hata zikiwa ndogo. Watembeza wageni wameachwa nje ya sharti hilo. Ada ya biashara ndogo ni shilingi 4,000, cheti ni cha miezi 24, na kukihuisha ni shilingi 2,000. Si gharama ya kumtoa mtu jasho, ukilinganisha na usiku mmoja wa nyumba ya paa la makuti yenye kuangalia bahari.

Cheti hakizuii pasi kusambaa, lakini. Kinachozuia ni mazoea. Zima kwenye WhatsApp ule mpangilio wa kuonyesha picha kwenye galari, uliomo sehemu ya mazungumzo, na picha za wageni hazitapanda tena Google Photos zenyewe. Mwambie mgeni aitume pasi kwa njia ya kuonekana mara moja. Kabla ya kuifungua uwe na rejista mkononi, unakili jina, uraia na namba ya pasi, kisha picha ijifute. Kama mwenye nyumba anang'ang'ania nakala, weka mazungumzo hayo yajifute baada ya siku 7. Nahodha hahitaji pasi. Anahitaji jina la kwanza, saa ya ndege na idadi ya mabegi. Na mgeni akitaka kukuonyesha ile pasi mkononi siku ya kufika, akatae kuituma kabisa, usimhesabie kuwa mkorofi. Huyo ameelewa.

Njia ya kuonekana mara moja haimzuii mtu kupiga picha skrini kwa simu ya pili. Hakuna kufuli la programu linaloweza kumzuia aliye na nia mbaya mbele ya skrini, na kampuni inayodai kuwa nalo inakudanganya.

Programu za mikopo ndizo zilizoumiza watu wengi zaidi hapa kwetu, na ufundi wake unafaa ujulikane. Android tangu toleo la 6 la mwaka 2015 huuliza ruhusa moja moja: majina ya simu, jumbe, mahali ulipo, kamera. Programu ya mkopo iliomba jumbe ili isome za M-Pesa na kukadiria kipato chako, hilo lina mantiki yake. Majina ya simu iliyaomba kwa sababu nyingine. Ukichelewa, hupigiwa shangazi, mwalimu wa madrasa, mwajiri, hata mtu uliyemnunulia kamba mara moja ukahifadhi namba yake. Aibu ndiyo ilikuwa dhamana. Hao wote hawakukopa wala hawakukubali chochote, na namba zao zilikwenda kwa kidole chako kimoja.

Google ilipiga marufuku programu za mikopo kwenye duka lake kugusa majina ya simu na picha kuanzia 31 Mei 2023. Kamishna naye aliitoza Mulla Pride, kampuni iliyokuwa na programu za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 mnamo Septemba 2023 kwa kutumia namba za watu kuwatisha. Kwa hiyo programu ya kisasa iliyo dukani ina mipaka. Hatari imehamia kwenye faili la programu unalotumiwa kwa kiungo cha WhatsApp au Facebook ulipakue mwenyewe nje ya duka, ambako hizo kanuni hazifiki. Simu ikikuuliza kama unaruhusu kusakinisha kutoka chanzo kisichojulikana, kataa, hata kama shilingi 5,000 zinahitajika leo. Benki Kuu ya Kenya huchapisha orodha ya wakopeshaji wa kidijitali wenye leseni, na kuisoma ni kazi ya dakika chache.

Mwenye programu ya zamani bado simuni, mpangilio wa kazi ni muhimu. Kuifuta tu hakufuti kilichokwisha kupakiwa kwenye kompyuta zao, na kuondoa ruhusa leo hakurudishi majina yaliyochukuliwa mwaka jana. Kwanza lipa au maliza hesabu, kisha omba kwa maandishi akaunti na taarifa zifutwe, ngoja jibu, ndipo uondoe programu. Anayeiondoa kwanza hupoteza nafasi ya kuingia na kuthibitisha kwamba ni yeye.

Julai 2023 Worldcoin ilipowapanga watu Nairobi kupigwa picha ya mboni kwa sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya kama shilingi 7,000, wengi waliulizana kama ni halali kuchukua. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo 2 Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo za miili zifutwe ndani ya siku 7 chini ya usimamizi wa Kamishna. Kwangu kipimo ni kimoja: je, ikivuja, naweza kuibadilisha? Nywila hubadilishwa asubuhi hiyohiyo. Namba ya simu hubadilishwa kwa usumbufu. Kitambulisho ni taabu kubwa. Mboni, alama ya kidole na chembe za urithi hakuna wa kukubadilishia. Vitu hivyo vya mwisho asipewe yeyote anayelipa. Alama ya kidole inayofungulia simu ni jambo tofauti, kwa kuwa kwenye simu nyingi za kisasa hukaa ndani ya kifaa wala haitumwi kwa kampuni.

Kuhusu laini za simu nitasema machache. Kwa Safaricom piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, iripoti, kwa maana kosa litakalofanywa nayo litakuja na jina lako. Usajili wa laini barabarani, chini ya mwavuli, kwa kupigwa picha ya kitambulisho mara mbili tatu "haijatoka vizuri", ndiko nyingi ya laini hizo hutoka.

Saiba ndiyo inayonipa wasiwasi kuliko Silicon Valley, na nalisema hili nikijua kazi kubwa wanayofanya vijana wa saiba Langoni na Mkomani kwa wazee wasiosoma skrini. Mzee anahitaji huduma za serikali za eCitizen, au ritani ya kodi ya KRA, au mwana anaomba mkopo wa masomo wa HELB. Hana barua pepe. Kijana anamfungulia, na pale panapoulizwa namba ya kurejesha akaunti anaweka yake mwenyewe, kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha unatakiwa sasa hivi na simu ya mzee iko nyumbani. Nywila anaiandika kwenye daftari la kaunta. Hakuna nia mbaya. Lakini tangu siku hiyo mwenye akaunti hasa ni yule mwenye namba ya kurejesha. Kijana akihama, akiuza laini, au daftari likichukuliwa, mlango wa hati zote za mzee uko wazi.

Nenda saiba na simu, hata ya kitochi, ujumbe wa kuthibitisha uingie kwako. Akaunti zilizokwisha kufunguliwa zikaguliwe: ingia kwenye akaunti ya Google, sehemu ya usalama, utazame namba na barua pepe ya kurejesha, uondoe isiyo yako, kisha ubadilishe nywila, kwa mpangilio huohuo. Ukibadilisha nywila kwanza na kuiacha namba ya mwingine, umefunga dirisha na kuacha mlango. Kwenye kompyuta ya saiba bonyeza Ctrl, Shift na N pamoja ili dirisha la faragha la Chrome lifunguke, ambalo halihifadhi nywila. Ukimaliza bonyeza Ctrl na J uone ulivyopakua, ufungue folda viliko, uvifute humo kwa Shift na Delete visipitie pipa la taka. Dirisha la faragha halifuti faili ulilopakua, hapo wengi hukosea. Na ikiwa kitambulisho kimeskaniwa, uliza nakala imehifadhiwa folda gani, maana mashine ya kuskani huweka yake kando.

Sheria nayo inabana kiasi gani? Katiba ya 2010, Ibara ya 31, inalinda faragha. Sheria ya 2019 inakupa haki ya kujua, kuona, kusahihisha, kupinga na kuomba kufutiwa, na inamtwika anayezishika taarifa jukumu la kuthibitisha kwamba ulikubali. Taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kukudhuru, anapaswa kumjulisha Kamishna ndani ya saa 72. Adhabu ndiyo dhaifu: haizidi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo kati ya hizo. Kwa mkahawa inauma. Kwa kampuni iliyotozwa yuro bilioni 1.2 na Ireland Mei 2023, kama Meta, milioni 5 za Kenya hazishtui. Neno "ndogo" lingebadilishwa kuwa "kubwa", mazungumzo na kampuni hizi yangekuwa mengine, na ningependa wabunge wetu wa pwani walibebe hilo.

Hata hivyo sheria hufanya kazi kwa anayeitumia. Roma School ilitozwa shilingi 4,550,000 Septemba 2023 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, jambo ambalo shule na madrasa za kisiwani hulifanya kila Maulidi kwa nia njema kabisa. Idhini ya mzazi iombwe mwanzoni mwa mwaka, kwa karatasi, na asiyetaka mwanawe apigwe picha asibughudhiwe.

Barua ya kuomba taarifa haihitaji wakili. Iandike kwa barua pepe, kwa anwani iliyo kwenye sera ya faragha ya kampuni, useme hivi: "Kwa mujibu wa kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, naomba nakala ya taarifa zote mlizonazo kunihusu, mlizipata wapi, mmezitoa kwa nani, na mtazihifadhi hadi lini." Taja namba ya simu uliyojisajilia, usiambatishe picha ya kitambulisho mpaka waiombe, na hata wakiiomba funika namba zisizohitajika. Kanuni za 2021 zinawapa siku 7 kukuruhusu kuona taarifa, bila malipo, na siku 14 kwa ombi la kusahihisha au kufuta. Wakinyamaza, lalamiko huwekwa kwa Kamishna kupitia tovuti ya odpc.go.ke, bila nauli ya kwenda Nairobi, na lapaswa kumalizwa ndani ya siku 90. Ambatisha barua yako, tarehe uliyoituma, na skrinishoti za ulichofanyiwa. Kwenye skrinishoti ionekane namba kamili ya mtumaji pamoja na tarehe na saa, maana jina ulilomhifadhia liko kwenye simu yako tu na halimthibitishi mtu.